Kuku Aliyebaki Kitangiri

Mume wangu huchimba visima, na mimi na binti yetu humfuata kila shule zinapofungwa. Tumelala Shelui, tumelala Misigiri, kwenye vyumba vya kupanga ambavyo hata rangi ya kuta zake siikumbuki. Binti yangu alikuwa na miaka saba na tayari alishazoea kutomzoea mtu. Ukimuuliza kwao ni wapi, anatazama miguu yake. Liliniuma hilo, ingawa ni mimi niliyemfundisha kufunga mizigo bila kulia.

Likizo moja kazi ikatupeleka kwenye mji mdogo ufukweni mwa Ziwa Kitangiri, mji ambao hata watu wa Singida mjini waliniuliza uko upande gani. Nilipapenda siku ya kwanza. Asubuhi watu wote hushuka ufukweni kupokea mitumbwi, mwenye shughuli na asiye nayo. Wanawake walinipa kisu kabla hawajaniuliza natoka wapi, nikaparua nao perege huku wakinicheka kwa kukishika kisu kama kalamu. Binti yangu aliingia majini na watoto wenzake, akarudi amejaa mchanga, anaongea bila kituo.

Jirani yetu, bibi aliyekuwa akikausha samaki, alimpenda. Siku ya nne akamletea kuku jike mweusi.

"Huyu wa mjukuu wangu," akasema.

Nilishukuru kwa moyo wote. Kesho yake, binti akiwa ziwani, mume wangu akamchinja yule kuku, mimi nikampika kwa mafuta ya alizeti. Tena kwa adabu zangu nikampelekea bibi bakuli, nimemchagulia paja.

Alifunua, akanitazama. "Ni yule?"

"Ndiye, bibi. Karibu."

Akakaa chini taratibu. "Mwanangu, kuku wa mtoto si kitoweo. Ni wa kufuga. Atage, atotoe, mtoto awe na kitu chake hapa."

Hapo hapo binti yangu akatokea na kopo la uwele aliomwombea kuku wake. Aliona bakuli, akaona tenga tupu uani kwetu. Hakulia. Alilifunika kopo, akasema, "Si tunaondoka tu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Tumekuwa watu wa kula na kuondoka, na mtoto ameshajua.

Asubuhi bibi alimwita achague mwingine kundini. Akachagua wa kijivu. Bibi akachana pindo la kitenge chake, akamfunga kuku mguuni kama alama.

"Huyu hatalala kwa mama yako," alisema mbele yangu, bila kupepesa macho. "Atakaa kwangu. Akitotoa, tunagawana."

Nilistahili. Wiki mbili baadaye tulifunga mizigo, na kwa mara ya kwanza binti yangu alilia. Nikamwacha alie.

Siku hizi tumepanga Utemini, Singida mjini. Bibi hupiga simu, anaomba azungumze na mwenye kuku, si na mimi. Juzi nilimpeleka binti shule mpya, mwalimu akamuuliza kwao ni wapi. Nikajiandaa kumjibia kama kawaida yangu.

"Kitangiri," akasema, amemkazia mwalimu macho. "Nina kuku kule. Ametotoa."