Maharage ya Kunegunda

Kunegunda ni muuguzi wa wodi ya watoto wachanga katika hospitali moja hapa Songea. Anaishi Lizaboni, na sisi majirani tunamjua kwa kicheko: akicheka uani, mtaa wa pili wanasikia. Wodini hapandishi sauti hata kidogo. Anasema watoto njiti hawapendi makelele.

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa njiti, kabla ya miezi kutimia, kijijini. Akafunikwa manguo mengi, akawekewa jiko la mkaa karibu, na hakumaliza wiki. Kunegunda halizungumzii sana jambo hilo. Lakini miaka mingi baadaye, alipopelekwa mafunzoni na kuelezwa kwamba mtoto wa namna ile hupata joto zuri kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, alitoka darasani akaenda kukaa nje peke yake.

Aliporudi kazini alianza kufundisha kumfunga mtoto kifuani kwa khanga. Akina mama walisikiliza, wakaitikia, na akigeuka tu wanamfungua mtoto na kumlaza kitandani. Wauguzi vijana waliwagombeza. Derick, aliyekuwa ametoka chuoni karibuni, aliwazidi wenzake kwa ukali.

"Tumeshawaelekeza, mama. Hawasikii," alimwambia Kunegunda.

Kesho yake Kunegunda alikuja na mifuko midogo ya maharage, kila mmoja uzito wa mtoto njiti. Akawafunga wauguzi mifuko hiyo vifuani kwa khanga, Derick akiwemo, akawaambia wafanye kazi hivyo hivyo mpaka saa ya kula. Mwanzoni walicheka sana. Jua lilipopanda, vicheko vikaisha.

Alimkuta Derick chumba cha dawa, kifuani hana kitu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Nimemlaza mezani kidogo, mama. Mgongo unauma. Halafu hili joto."

"Nani amekusaidia kumbeba?"

"Hakuna."

"Basi nenda kamuulize mama wa kitanda cha dirishani, yeye anasaidiwa na nani."

Derick alikwenda, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa mpole. Yule mama alikuwa na mshono wa upasuaji ambao haujapona, hana mto wa kuegemea, na dada yake alikuwa akizuiwa getini kila siku. Tangu hapo wauguzi walitafuta mito, wakaruhusu ndugu wapokezane kubeba, na kabla ya kumfundisha mama chochote wakawa wanamuuliza kwanza ameamkaje. Watoto wakaanza kukaa vifuani.

Mwaka jana, watu wakiwa kwenye palizi ya mahindi, aliletwa Pamela kutoka kijiji cha Hanga, mjamzito, presha ikiwa juu sana. Alijifungua kwa upasuaji mtoto wa kike, mdogo mno, na mwenyewe akabaki wodi nyingine hajiwezi. Ndugu wa kike hakuwepo. Alikuwepo mumewe, Saimon, mkulima mwenye kifua kipana na maneno machache.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwanao anahitaji kifua. Mama yake bado anaumwa, tutatumia chako."

Saimon alitazama chini. "Kwetu mwanamume habebi kichanga namna hiyo, mama. Na mikono yangu hii ya jembe, nitamvunja."

Kunegunda alimletea mfuko wa maharage. "Beba huyu kwanza. Havunjiki."

Maharage hayakumtia aibu Saimon. Akayabeba asubuhi nzima, akajifunza kuegemea, kukaza khanga, kuinuka polepole. Baada ya chakula Kunegunda alimwambia afungue shati. Akamweka mtoto, kofia kichwani na soksi miguuni, akamgeuza uso upande ili apumue vizuri, akamfunga.

Saimon alikaa kama anayeogopa kupumua. Kisha akasema taratibu, "Mama, ananikwaruza."

"Anakutafuta. Mwambie upo."

Saimon aliinamisha kichwa, akaanza kumsemesha mwanawe kwa Kingoni, sauti ya chini sana. Kunegunda akaondoka akijifanya ana kazi kwingine.

Pamela alipopata nafuu, Derick alimleta kwa kiti cha magurudumu. Alimkuta mumewe ameegemea mito, mtoto kifuani, akimweleza Hamisi, baba mwingine aliyeingia siku ile, jinsi ya kukaza khanga bila kumbana mtoto.

"Huyu ni Saimon wangu kweli?" Pamela aliuliza.

"Ndiye," Kunegunda alisema. "Siku hizi ni mwalimu."

Pamela alinyoosha mikono. Saimon hakumfungua mtoto. "Subiri kidogo, mama Recho. Ndiyo kwanza amelala."

Ndivyo Pamela alivyojua kwamba mwanawe ameshapewa jina. Alicheka huku akishika mshono wake. Ikabidi Kunegunda aamue.

"Baba, umefanya vizuri sana. Lakini maziwa anayo huyu."

Saimon akafungua khanga, polepole, akampa mkewe mtoto wao. Halafu akabaki amesimama pale, shati wazi, hajui mikono yake aiweke wapi.