Mtangazaji Aliyetangaza Kifo cha Mtu Hai

Nilikuwa sokoni Walikale nikibishana na mama mmoja juu ya mkungu wa ndizi simu ilipolia: mtangazaji wetu wa redio ya milimani, kule Masisi, ametutoka. Aliugua siku tatu tu. Nilizichukua zile ndizi bila kubishana tena. Wasomaji wangu wa Mushaki na Karuba hawahitaji kuambiwa ni nani. Ninyi wengine, huyu ndiye aliyeanzisha redio katika ghala la maharage la parokia, akatundika magunia matupu ukutani ili sauti isirudi, akafunga antena juu ya mkalitusi, kisha akatupigia rumba za taratibu wakati redio nyingine zote zilikuwa zinapiga kelele. Vijana walipolalamika aliwajibu kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho watu ni "batu": "Hii redio iko ya batu benye balishazika muntu. Mukishazika, mutakuya kusikiliza." Walimcheka, kisha miaka ikapita, nao wakaja.

Majivuno alikuwa nayo, nisiwafiche. Alidai anajua kila mlango kuanzia Mushaki mpaka Rubaya. Asubuhi moja ikaletwa komunike, yaani tangazo la kifo, kikaratasi chenye jina na kijiji tu, Karuba. Badala ya kuisoma ilivyoandikwa, akaongeza yake ya kichwani: "Ni ule Papa wa ng'ombe ya madoa, pembeni ya kanisa." Lo! Kina Papa, yaani wazee, wenye jina lile Karuba walikuwa wawili. Mchana huo watu wakapanda kwa mwenye ng'ombe wakiwa na kuni, maharage na vilio. Wanawe waliokuwa machimboni Rubaya wakateremka kwa miguu, mbio mbio. Wakamkuta mzee na ndoo yake. "Batu bananililia, na miye niko nakamua!" akafoka. Tulicheka wiki nzima, na mimi nilicheka kuliko wote.

Yeye hakucheka. Wenzake wa studio walimshauri asahihishe kwa maneno mawili halafu apige muziki, watu watasahau. Akakataa. Milimani kwetu watu hukimbia vita na kurudi nyumbani kwa kusikiliza redio ile. Isipoaminika juu ya maiti, nani ataiamini juu ya barabara iliyo salama? Akashika njia ya Karuba, nami nikamfuata, nikitafuta kichekesho cha safu hii. Mzee wa ng'ombe alimkaripia weee, kisha akampa maziwa. Ndipo mtangazaji akauliza nyumba ya yule mwingine, aliyekufa kweli. Tukamkuta mjane ameketi mlangoni. Kwetu kaburi huchimbwa na majirani, na kuni za msiba huletwa na majirani, lakini majirani wote walikuwa wamepelekwa kwingine. Hakupaza sauti. "Papa," alisema, "redio yenu ilininyanganya batu yangu yote. Bwana yangu tulimuzika batu bane." Watu wanne tu! Mtangazaji akakaa chini, kwenye udongo, akalia. Mimi nilikosa pa kuweka macho.

Kesho yake, saa ileile ya matangazo ya vifo, alizima muziki akataja jina lake mwenyewe kuwa ndiye mkosaji. "Miye njo nilikosa. Karatasi haikukosa." Akaeleza habari ya mjane tangu mwanzo hadi mwisho, akaiomba milima ilie upya. Na milima ikalia! Wa kwanza kufika alikuwa mzee wa ng'ombe, na maziwa yake kichwani kwa binti yake. Nyuma yake watu wakajaza njia mpaka bondeni, wakakaa na yule mama siku mbili. Tangu hapo, aletaye habari ya kifo pale redioni hukalishwa kwanza, akasomewa tangazo, akataja baba, mama na mlima wa marehemu, na mtangazaji haongezi hata neno. Huku Walikale nako wameiga. Nimesikia redio kubwa za mijini zikiomba radhi kwa haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Yetu ya ghala la maharage ilifanya zaidi, na ninatembea kifua mbele kwa ajili yake.

Mungu amlaze pema. Alinifundisha kwamba kosa lililosemwa kwa kipaza sauti haliombewi radhi kwa kunong'ona. Nami ninalo langu. Habari ile niliiandika wakati ule katika safu hii, ndoo, madoa na vyote, mkacheka mkanipigia simu kunipongeza. Mjane sikumtaja, kwa sababu angewaharibia kicheko. Mama wa Karuba, nilikuwa mlangoni pako, nilikuona, nikakuacha nje ya maandishi yangu. Miye njo nilikosa. Nisamehe.