Siku Nne Chini ya Mkaratusi wa Kigango

Mjomba wangu anaogopa ngazi. Amefanya kazi miaka mingi chini ya ardhi, kwenye mgodi mkubwa upande wa Bulyanhulu, akishuka kila zamu mahali ambapo mimi hata kwa kusimuliwa tu natokwa jasho. Lakini ukimwomba apande juu ya paa akagongee bati lililoinuka, atakutafutia fundi. Alipostaafu alirudi kwake Ngokolo, akanunua kamba, mikanda, kofia ngumu na misumeno miwili ya mashine, akaanza kazi ya kukata miti iliyoelemea nyumba za watu. Majirani walicheka. Yeye aliwajibu kwamba mti hukatwa zaidi na aliye chini kuliko aliye juu, na aliye chini ni yeye.

Aliye juu alikuwa bwana mmoja mwenye mikono mirefu. Msimu wa pamba ulipofika akarudi shambani kwake, na hakuonekana tena. Mimi wakati huo nilikuwa nakaa pale kwa mjomba, namsaidia mke wake kupika. Asubuhi moja kamba mpya ilinasa kwenye mjohoro nyuma ya nyumba. Mjomba na mkewe walikuwa wameivuta hadi wakachoka. Nikavua kandambili, nikapanda, nikainasua.

Kupanda niliweza tangu utotoni Kishapu. Bibi yangu alikuwa akinionya kwamba msichana akipanda mti, mti huo hauzai tena. Nilipanda mkwaju wa nyuma ya zizi miaka yote ya shule, na mkwaju ukazidi kuzaa, mpaka bibi akaacha kuzungumzia jambo hilo.

"Shuka," mjomba aliniambia kutoka chini. "Polepole. Achana na kamba, angalia mguu."

Nikashuka nikijua nitaambiwa yaleyale ya bibi.

"Nani amekuruhusu kupanda bila mkanda?"

"Mjomba, ninyi hamna mtu wa kupanda."

"Sijauliza hilo. Kule juu uliogopa?"

"Hapana."

"Basi utakaa chini miezi mitatu, mpaka ujifunze kuogopa kidogo."

Na kweli nilikaa miezi mitatu. Nilifunga mafundo nikiwa nimefumba macho, nikayafunga mikono ikiwa nyuma ya mgongo, nikayafunga huku mke wa mjomba akinimwagia maji kana kwamba ni mvua. Nilijifunza kupapasa kamba yote kwa vidole, kipande kwa kipande, kutafuta uzi uliokatika. Nilijifunza kugonga shina kwa kisogo cha shoka na kusikiliza. Mti mzima hujibu kwa sauti fupi, kavu. Mti ulioliwa ndani hulia kama ngoma.

Siku niliporuhusiwa kupanda nilifika kileleni nikacheka peke yangu. Sikujua nacheka nini. Chini mjomba akauliza kama nimeumia.

Alikuwa na maswali matatu, kila asubuhi, kabla hajanikabidhi mkanda: umekula, umelala, umegombana na mtu? Swali la tatu ndilo lililoniponza. Siku moja nilikuwa nimezozana kwa simu na mume wangu, aliyekuwa kazini mbali, na nilipojibu kwamba sijagombana na mtu, mjomba aliutazama mdomo wangu akasema mkanda leo unabaki kwenye gari. Nikashinda nafagia majani. Mwenye hasira, alisema, hukata haraka, naye mti hauna haraka. Jioni nilimpigia mume wangu kuomba radhi, maana nilitaka kupanda kesho yake. Mpaka leo hajui sababu.

Lakini nilitaka kusimulia habari za Ushirombo.

Tuliitwa na katekista wa kigango kimoja huko. Mkaratusi mkubwa ulisimama ubavuni mwa kanisa, na dhoruba ya wiki iliyotangulia ilikuwa imepasua tawi moja, tawi nene kama pipa, likabaki likining'inia juu ya paa la bati. Tulifika Jumatano. Jumamosi palikuwa na harusi.

Mjomba aliuzunguka mti mara tatu. Akaugonga. Ukalia kama ngoma. Halafu akaweka kiganja kwenye gome, akaniita nami niweke changu. Shina lilikuwa linatetemeka kidogo, kama paka anayekoroma. Tukainua macho: juu yetu, mahali pa kufikika kwa ngazi, palikuwa na tundu, na nyuki wakiingia na kutoka.

"Leo hatupandi," mjomba akasema.

"Mzee wangu," katekista akasema kwa upole, "harusi ni Jumamosi. Maharusi wamengoja miaka miwili."

"Nimesikia. Jumamosi wataoana. Lakini huyu ni mtoto wa dada yangu, na mti huu ni mtupu ndani."

Nakiri niliona haya. Akina mama wa kwaya walikuwa wamesimama kando wakituangalia, na mimi nilikuwa nimeshavaa mabuti. Nilimvuta mjomba pembeni nikamwambia tundu liko upande wa pili, tawi naweza kulifikia. Hakunikemea. Aliniuliza, kamba yangu nitaifunga wapi? Nikatazama juu. Kila nilipotazama palikuwa sehemu ya mti uleule mtupu. Nikavua kofia.

Wilaya ile, Bukombe, haipungukiwi wafuga nyuki. Alhamisi jioni alikuja mama mmoja mnene, mchangamfu, na mzinga wa mbao kichwani na kopo la moshi mkononi. Alipanda ngazi akiwasemesha nyuki kwa Kisumbwa kana kwamba ni wageni waliokawia kuaga. Alitoa masega moja baada ya jingine, akayapanga ndani ya mzinga, mpaka akampata malkia. Baada ya hapo kundi lote lilimfuata lenyewe. Mjomba alikuwa amejifungia ndani ya gari na vioo juu. Yule mama akamgongea dirisha, akampitishia bakuli la asali.

"Kula, baba. Wanakusalimu."

Ijumaa tuliamkia upepo. Mjomba alikaa kwenye kisiki akitazama vilele vya miti, na katekista alikaa akimtazama mjomba. Kwaya ilikuja kufanya mazoezi, na kwa kuwa ilikatazwa kukaribia kanisa, ikaimbia chini ya kivuli ng'ambo ya barabara. Waliimba wimbo wa maharusi labda mara tisa. Nilikuwa nimeshashika sauti ya pili.

Saa nne upepo ukatulia.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umelala?"

"Nimelala."

"Umegombana na mtu?"

"Na wewe tu, na hiyo ilikuwa juzi."

Akatabasamu, akanipa mkanda.

Alikuwa ameshapata jibu la lile swali lake la kamba. Karibu na ule mgonjwa palikuwa na mkaratusi mwingine, mzima, mrefu zaidi. Nilipanda huo. Nikafunga kamba yangu kwenye panda yake ya juu, nikapitisha hapo pia kamba nene ya kushushia magogo, ambayo mjomba aliizungusha chini kwenye shina, akashika mwisho wake. Kisha nikajiachia taratibu, nikaelea hewani hadi kwenye tawi lililopasuka. Uzito wangu wote ulikuwa kwenye mti mzima. Ule mgonjwa niliugusa tu kwa ncha za mabuti.

Nilianza na vitawi vya mwisho. Nafunga, nakata, namwambia mjomba "chukua", naye anajibu "ninacho", kipande kinashuka kimya kimya pembeni mwa kanisa. Harufu ya mkaratusi uliokatwa ilijaa kifuani kama dawa ya mafua. Tuliendelea hivyo kwa saa mbili, na sijui kama nimewahi kuwa na furaha kubwa kuliko ile ya kusema neno moja na kujibiwa neno moja, kila mara, bila kukosea.

Kilipobaki kigogo cha mwisho, kinene kuliko vyote, nilikuwa nimekikata nusu tu pale kilipolia na kukatika chenyewe. Nilirudishwa nyuma na kamba, nikayumba mpaka bega likagonga mti mzima. Nikasikia kamba nene ikinguruma kwenye shina chini. Mjomba hakuikaza ghafla, maana angeikaza ghafla ingekatika. Aliiacha iteleze, iteleze, halafu akaibana kidogo kidogo. Kigogo kikasimama hewani, umbali wa mkono mmoja juu ya bati, kikizunguka polepole.

Kwaya ilikuwa imeacha wimbo katikati ya ubeti, ikakimbilia ukingo wa barabara.

"Uko sawa, mayu?" mjomba akaita, akiniita mama kwa Kisukuma. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Niko sawa. Unacho?"

"Ninacho."

Akakishusha mpaka chini kwenye nyasi. Hapo ndipo vigelegele vilipopigwa, na katekista akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, na suruali yake safi. Nilipofika chini mjomba akavua glavu. Tukashikana mikono kwa nguvu.

Shina tulilikata mchana huo, likaangukia upande wa shamba kama tulivyotaka.

Walitukatalia kuondoka. Jumamosi nilihudhuria harusi ya watu nisiowajua, nimevaa gauni la kuazima kwa mama wa kwaya na mabuti yangu ya kazi, maana viatu vya watu havikunitosha. Wimbo ulipoanza nilijikuta naimba sauti ya pili, na mama wawili wakasogea kunipa nafasi katikati yao. Kwenye karamu nilicheza mpaka nikaishiwa pumzi.

Nilipokwenda kupumzika, bibi mzaa baba wa bwana harusi aliniita nikae kwenye mkeka wake. Alikuwa mzee sana, na Kiswahili chake kilikuwa nusu Kisumbwa. Nami nikakijazia kwa Kisukuma, tukaelewana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa juu jana?"

"Ni mimi."

"Mimi nimezaliwa hapa, na sijawahi kupaona kutoka juu. Pakoje?"

Nikamwambia nimeona mabati ya Ushirombo yaking'aa hadi msitu unapoanza, nimeona barabara nyekundu ikipinda mara mbili, nimeona mtu ameanika mihogo juu ya jiwe.

"Mihogo mingi?"

"Mingi, bibi. Jiwe lote jeupe."

"Hilo ni jiwe letu," akasema, akanisogezea sahani ya pilau. "Kula kwanza. Halafu uanze tena kunisimulia, polepole, kutoka upande wa kisimani."