Tulijikuna Wawili

Leo ninaandika mambo ya kunionyesha mujinga, na ninaiandika mwenyewe kabla watu wa soko ya Mpondwe hawajawaeleza, juu wao wataongeza chumvi na chumvi iliyoko tayari inatosha. Muzee wa makayabu amekufa. Nyinyi munaosoma kona hii munamujua bila jina: ni yule Mukongo wa samaki ya chumvi, meza yake iko karibu na pale ninatengeneza baiskeli, yule anayebishana na mizani yake kama mizani ni mukwe wake. Tulimuzika hapa Bwera wiki iliyopita. Asubuhi ya mazishi nilimulilia kama baba yangu. Jioni nilikuwa ninataka nirudishiwe machozi yangu.

Huyu muzee alivuka kutoka upande wa Beni ile miaka ya vita ya kwao, yeye na bibi yake, na sufuria moja na rozari. Akaanza na samaki kidogo kwa karai, mpaka akapata meza, mpaka wamama wa Karambi wakawa wanapita meza ya wengine yote kuja kwake, juu samaki yake ilikuwa safi na mikono yake safi. Mimi aliniita peti, ndiyo Kifaransa ya kuita mutu mudogo. Asubuhi nikifungua sanduku yangu ya spana ananiuliza, "Peti, sava? Umeamuka na akili leo ao uliiacha kwa kitanda?" Na mimi ninamujibu akili niliiuza juzi, nikanunua samaki yake, ndiyo maana ninaumwa tumbo. Tulikuwa hivyo. Watu wakisikia tumeanza, wanasogea.

Sasa ikaja kuwashwa. Ilimuanza akiwa tayari na mvi, kwanza kwa miguu, halafu mgongo, halafu kila mahali. Saa jua ya Kasese inachoma mabati, ndiyo saa yake. Alipaka mawese, akapaka siagi ya ng'ombe, akaoga majani ya kuchemusha, akanunua dawa fulani nyeupe yenye kunuka kama yai imeoza mpaka nzi zenyewe zikahama kwa meza. Ile kitu inalala siku kidogo, halafu inarudi na ndugu zake. Daktari mudogo wa dispensari alimuambia wazi, na mimi nilikuwa pale, nilimupeleka na baiskeli: hii si upele, haiambukizi mutu, ni ngozi ya uzee imekauka, upake mafuta, uache maji moto, usijikune. Usijikune! Ni kama kuambia mbuzi apite kwa shamba ya mihogo na macho yamefungwa. Tulirudi na chupa ya mafuta, na njiani alikuwa ameshaokota gunzi ya mahindi ya kujikunia mgongo.

Lakini kuwashwa yenyewe haikumuumiza kama macho ya watu. Mutu anauza chakula. Mama anasimama na kikapu, anaona muzee anapitisha gunzi ndani ya shati, anasema ngoja kwanza nikaangalie nyanya, na harudi. Nilimuona siku moja amekalia mikono yake, kabisa, ameikalia kama kuku juu ya mayai, na machozi inamutoka kwa kuzuia. Basi mimi, na hii akili yangu ya darasa ya sita, nikapata dawa. Yeye akianza kujikuna, na mimi ninajikuna. Akienda kwa mbavu, ninaenda kwa mbavu. Ninaruka, ninajisugua kwa nguzo ya kibanda kama nguruwe, ninaimba. Watu wakacheka, na mutu anayecheka hakimbii. Ikawa ni mchezo wa soko, wamama wakaanza kurudi, na muzee akaweza kujikuna mbele ya dunia bila aibu.

Siku moja ilituokoa hata barabarani. Tulikuwa tunapeleka gunia ya samaki Kasese, askari wakatusimamisha, na munajua askari wa siku hizi: anapima samaki kwa macho, anabeba ile kubwa. Mukubwa yao akaweka mukono kwa gunia. Hapohapo muzee akashikwa na kuwashwa, akaanza, na mimi nikaanza.

"Wewe! Hiyo ni nini?"

"Inawasha tu, afande. Yeye inamuwasha, na mimi inaniwasha."

Yule bwana akarudi nyuma, akapangusa mukono yake kwa suruali. "Pita. Pita mbio na takataka yako."

Tulipita. Kufika kwa kona muzee akaanguka kwa majani, akacheka mpaka akakohoa. "Peti," akasema, "weye iko dawa kushinda dawa."

Hiyo maneno niliiweka kama medali. Ndiyo maana nilipopata musichana Karambi, sikutafuta msemaji mwingine. Kwetu munajua, kijana haingii kwenda kujiombea bibi. Unatuma wazee, wanakalishwa kwa viti, wanalishwa, wanakusifu, na wewe unangoja nje ya lupango, nje ya ua yao, kama mbuzi ya sokoni mpaka uitwe. Nilitaka mutu wa heshima. Muzee hakuwa na koti, nikamuvalisha koti yangu, ya sufu, ile nilinunua Kasese na kuivaa Krismasi peke yake. Yule musichana, sitawadanganya, nilimutaka kuliko kitu yoyote nimewahi kutaka. Ndiye peke yake aliyekuwa anakamata utani yangu kwa hewa na kunirudishia ikiwa moto zaidi.

Nilingoja na baiskeli yangu karibu na migomba. Nilisikia wanakula, nikasikia ugali ya bundu na mboga ya sombe inasifiwa, halafu kukawa kimya. Wakatoka. Muzee alikuwa amevua koti, ameishika mbali na mwili, na anajikuna kwa shingo. Mimi na furaha yangu, nikiona baba ya musichana na mashangazi wote wamesimama kwa mulango wanatuangalia, nikafanya nini? Nikajikuna. Nikajikuna vizuri, mpaka kwa magoti. Hakuna aliyecheka. Muzee akanishika mukono, akasema polepole, "Leo hapana, peti." Nilifikiri ni heshima ya ukwe.

Jibu ilikuja kwa mutu mwingine: hawataki. Sababu hawakusema. Muzee alikaa na mimi siku nyingi, akanipikia samaki, akaniambia familia ile ina kiburi, Mungu atanipa mwingine. Musichana akaolewa Mahango, kwa mutu wa kahawa. Mimi nikatengeneza utani juu yake, munaikumbuka, niliiandika hapa hapa, na muliniambia mulicheka sana.

Sasa, kwa mazishi. Baba ya yule musichana alikuja, juu hata yeye alikuwa muteja, mukiriste kabisa wa samaki ile. Nikamupa mukono. Akanipa kiwiko ya mukono, hivi, akaniuliza kwa sauti ya huruma, "Ile upele yako ilipona, kijana?"

Nikamuuliza upele gani. Akanieleza bila hasira, kama mutu anaeleza mambo ya mvua. Siku ile, chakula moto, jua kali, koti ya sufu juu ya ile ngozi, muzee alishikwa katikati ya kunisifu. Alizuia, akashindwa, akajikuna mbele ya wote. Mashangazi wakaacha kula. Wakamuuliza, muzee, hiyo ni nini, ni samaki yako inaleta? Na muzee wangu akavua koti, akaiweka chini, akasema, "Hapana, samaki iko safi; koti ndiyo ya kijana, ni yeye iko na huo ugonjwa, na miye aliniambukiza." Kuangalia nje, wakaniona mimi na ushahidi yangu mpaka kwa magoti.

Nimekaa na hii maneno wiki nzima, wakubwa. Angesema ni uzee. Ukweli alikuwa nayo, tuliileta pamoja na baiskeli kutoka dispensari, na mafuta juu. Lakini nimeona hivi: siku hizi mutu akiulizwa kwa ghafla, hii kitu mbaya ni ya nani, kidole yake inanyooka yenyewe, na hainyooki mbali. Nimeiona barabarani, nimeiona soko, nimeiona kwa watu wanaokaa benchi moja kanisani. Adui yako yuko mbali, kidole haimufikii. Rafiki ndiye yuko hapa, na koti yake umeivaa. Kwa hiyo ninyi vijana munaopenda kubebea watu aibu yao, bebeni, sikatazi, lakini mara moja moja geuka uangalie kama mwenyewe bado anashika upande wake. Mimi sikugeuka. Nilikuwa ninacheka.

Watu walipoondoka kwa matanga nilienda kwa mama, bibi yake, alikuwa anasugua sufuria, ile ile ya kuvuka nayo. Nilimuuliza kama alijua. Hakuinua macho.

"Nilijua, mutoto yangu. Siku ile alirudia hapa, hakukula. Nikamuambia, rudia Karambi, useme ukweli. Akakatala. Akaniambia: 'Ule kijana atapata bibi ingine. Miye, ngozi ingine nitaipata wapi?'"