Meno Kwenye Jiwe la Kusagia

Jiwe lile nililitoa mwenyewe korongoni, chini ya kijiji cha Nyamwaga, miaka ya hamsini, mume wangu akiwa Kericho anachuma chai. Nilikuwa nimejengewa nyumba yangu ndani ya boma la wakwe, na kwetu Wakurya mwanamke mwenye jiko lake hasagi ulezi kwenye jiwe la mwenzake. Mimba ilikuwa kubwa. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kimya, na tangu hapo watu walinitazama tumboni kabla ya kunisalimu.

Wifi yangu alinisaidia kulibeba. Nilipoanza kuligonga uso ili lisage vizuri, kikabanduka kipande chembamba, na chini yake ukatokea utaya. Utaya wa mnyama mkubwa, umegeuka jiwe tupu, meno yamepangana bila pengo. Mimi nilicheka kwa mshangao. Wifi alikimbia kumwita mama yake.

Mama mkwe alisimama mlangoni, hakuingia.

"Lirudishe ulikolitoa."

"Mama, lina meno lakini tumbo halina. Litakula nini?"

"Mmoja tumeshamzika," akasema. "Unataka tuchimbe tena?"

Iliniuma, kisha hasira ikapanda. Nikasema jiwe haliondoki.

Baba mkwe alitusikia kutoka zizini. Mila haimruhusu kukanyaga nyumba ya mke wa mwanawe, wala kusema naye uso kwa uso, kwa hiyo akapitishia maneno kwa mkewe: "Mwambie walitoe nje, na mimi nilione." Tukalitoa. Niligeukia pembeni huku yeye akichuchumaa na kupitisha kidole jino baada ya jino. Alifurahi kama mtu ambaye ng'ombe wake amezaa. Akataka lisimamishwe kwenye lango la zizi, wageni waje walione. Mama mkwe akasema ng'ombe wataharibu mimba.

Walibishana weee, mwishowe wakakubaliana jambo moja tu, kwamba jiwe ni la nyumba yangu na mwamuzi ni mimi. Ningeliweka ndani, mzee asingeliona tena maisha yake yote. Zizini, kila ndama ambaye angekufa ningeulizwa mimi. Na korongoni sikutaka, maana kulirudisha kungekuwa kukubali kwamba mimi ndiye niletaye mkosi, na mkono wangu ndio uliomuua yule wa kwanza. Siku zile nilikuwa nakandika ukuta. Nikalipachika kwenye udongo mbichi kwa nje, kando ya mlango, meno yakitazama uani.

Mama mkwe akaacha kuja kwangu. Akihitaji kitu alimtuma wifi. Na mkunga wetu pale bomani alikuwa yeye, hatukuwa na mwingine.

Uchungu ulinishika asubuhi. Wifi akamkimbilia mama yake. Nikiwa nimeng'ang'ania nguzo ya nyumba, nilimwona mama mkwe kupitia mlango amesimama uani, macho ukutani, miguu haisogei. Sijawahi kuogopa vile. Kiburi chote kiliniishia. Ningekuwa na nguvu ningelibomoa lile jiwe kwa kucha zangu.

"Mama," nikaita, "nakuomba."

Aliendelea kusimama. Uchungu mwingine ukaja ukaondoka, naye bado yuko pale pale. Kisha akainama, akachota samadi mbichi kwa mikono miwili, akaja ukutani na kuyapaka yale meno mpaka yakapotea yote. Akanawa mikono. Ndipo akaingia.

Mtoto alikuwa wa kike, na alilia. Nami nililia kuliko yeye.

Nilipopata nguvu ya kutoka nje, nilimkuta mama mkwe palepale ukutani, amempakata mjukuu kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa anabandua samadi iliyokauka na kuyaosha meno kwa maji ya kibuyu, taratibu, mpaka kwenye mashina yake. Alijua nipo nyuma yake, lakini hakugeuka. Akamwinua mtoto kidogo, uso kwa uso na lile jiwe.

"Mtazame," akamwambia. "Huyu ndiye aliyeshindwa kukula."