Sanduku Lililojaa

Wanafunzi walimwita dada yangu Daktari. Alikuwa mwalimu wa hesabu tu, aliyepelekwa semina ya huduma ya kwanza kwa sababu siku hiyo hakuwa na kipindi. Tangu hapo kila damu ya shule ikawa yake.

Sanduku la dawa halikuwa lake. Lilitundikwa ofisini kwa mkuu wa shule, la chuma, limefungwa kufuli. Huduma ya kwanza, kufuli la nini?

"Mkilitumia, wakaguzi watalikuta tupu," mkuu alisema, akaenda zake mkutanoni na ufunguo mfukoni.

Siku hiyohiyo binti mmoja aliteleza akavunja dirisha, kioo kikamchana mkono. Dada alilipiga lile kufuli kwa jiwe. Wapi! Akavua kilemba, akafunga jeraha, akalikandamiza kwa mikono miwili. Mtoto alikata roho njiani kwenda hospitali.

Wazazi walimlaani yeye. Si ndiye Daktari?

Wiki iliyofuata wakaguzi walikuja. Walikuta sanduku halijapungua hata pamba, wakalisifu mbele ya walimu wote. Walimu wakapiga makofi. Dada naye akapiga, kwa mikono ileile.