Kabichi ya Pipa na Kidole cha Mama

Kabichi ikikatwa nyembamba, kabla haijaguswa na moto, hutoa harufu ya ubichi yenye ukali kidogo puani. Wengi wenu hamjawahi kuitia maanani. Mimi mjukuu wangu akianza kukata kabichi hapa nyumbani Mafiga, natafuta kisingizio cha kwenda uani. Yeye huwaambia wageni kwamba bibi hapendi kabichi. Si kweli, naipenda sana, hasa ikiungwa kwa karanga. Nisichokipenda ni kukumbuka, na nimezeeka vya kutosha kulisema hilo bila haya.

Nilikuwa na miaka kama minane hivi, wakati wa Mdachi, yaani Mjerumani. Baba alikuwa ameshafariki, na mama alifanya kazi jikoni katika misheni moja huku juu milimani Uluguru. Mkuu wa jiko alikuwa Bruda mmoja, mtawa wa Kidachi, mnene mwenye ndevu nyekundu, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau. Tulilala katika chumba kidogo nyuma ya jiko, tukila kilichobaki mezani, nami nikisoma shule ya misheni. Vyote hivyo vilitegemea mikono ya mama.

Kabla ya mama alikuwepo mpishi mwingine, mzee wa kijijini kwetu. Ilisemekana alikunywa divai ya padre. Sijui kama alikunywa. Ninachojua ni kwamba askari walimteremsha hadi boma, akatiwa nyororo shingoni pamoja na wenzake, wakawa wanapasua mawe ya barabara. Mzee hakurudi. Ilirudi shuka yake tu, imekunjwa vizuri. Mama alirithi jiko lake, na kila alipoisikia sauti ya buti uani aliacha anachokifanya na kusimama wima.

Kabichi tulikuwa hatuzijui. Bruda alizipanda kwenye matuta ya mteremkoni, nazo zikaipenda baridi ya kule kuliko sisi wenyewe. Zilipokomaa ilikuwa kazi ya watu wote, na Bruda alizipanga kama mtu anayegawa urithi. Zilizofunga ovyo zilikatwa vipande vinne kwa ajili ya supu. Zenye majani mapana zilichambuliwa jani moja moja, zikachovywa kwenye maji ya moto, ndipo zikaviringishiwa nyama. Nyingine ziling'olewa na mizizi yake na kuning'inizwa ghalani kichwa chini, zikikaa hivyo wiki nyingi bila kuoza. Siku ya kwanza nilipozikuta gizani nilidhani ni vichwa vya watu, nikakimbia hadi kanisani. Majani ya nje, magumu na yenye matundu ya wadudu, yalikuwa yetu. Mama aliyapika kwa karanga, na mpaka leo nasema sisi ndio tuliokula vizuri zaidi.

Zile ngumu nyeupe zilikuwa za pipa. Zilisuguliwa juu ya ubao wenye kisu katikati hadi zikawa nyuzinyuzi, zikatiwa chumvi na kushindiliwa kwa mchi, tabaka juu ya tabaka. Juu yake Bruda aliweka kitambaa, kifuniko cha mti, na jiwe alilolichagua mwenyewe mtoni. Mama alisikitika sana. Chumvi iliyoingia mle ingetosha ukoo mzima kwa mwaka. Lakini hakusema neno, akashindilia.

Baada ya siku chache Bruda alishuka Morogoro kupokea mizigo ya treni. Alimwambia mama alitazame pipa lisiharibike, kwa sababu Bwana Shauri, yule Mdachi anayeamua kesi bomani, anakuja kula, na hicho ndicho chakula cha kwao anachokililia. Akaenda zake.

Siku ya tatu pipa likaanza kutoa povu. Lilikuwa linachemka bila moto, na harufu yake chachu ikatufuata hadi chumbani. Mama akaondoa jiwe, akachovya kidole, akalamba. Nikaona uso wake unafunguka. Lazima mjue kwamba kijijini kwetu mama ndiye aliyeitwa kila penye pombe ya harusi au ya kulima, na mtu akimfundisha kuivisha pombe ni kama anamfundisha kutembea. Kumbe Wazungu nao wanapika pombe, ila ya majani, maskini. Na pombe iliyofika pale ikiachwa siku moja zaidi imekwisha, imekuwa siki. Ameambiwa lisiharibike. Angefanya nini?

Alilichuja lote. Alileta kung'uto lake mwenyewe, mimi nikashika chungu, naye akakamua zile nyuzi konzi kwa konzi mpaka zikakauka. Maji yakajaa vyungu viwili, akavifunika kwa majani ya mgomba. Machicha tukawapelekea nguruwe, ambao sijawaona tena wakiwa na furaha kama ile. Mama aliimba jioni nzima. Alisema Bruda akirudi atamwongezea shuka.

Bruda alirudi kesho yake mchana, siku mbili kabla ya wakati, na Bwana Shauri pamoja naye, na askari wawili nyuma. Aliingia jikoni moja kwa moja akimwonyesha mgeni pipa lake. Akafunua. Ndani mlikuwa na jiwe, limeoshwa safi. Kumbe zile nyuzi chachu tulizowapa nguruwe ndizo zilikuwa chakula chenyewe.

Bwana Shauri alikiona chungu, akainua jani la mgomba, akanusa, akasema neno moja tu la Kiswahili, tena kwa utaratibu.

"Pombe."

Inapikwa pombe katika jiko la mapadre. Askari mmoja akasogea mlangoni, na nyororo kiunoni mwake ikalia. Bruda aliuliza nani amefanya hivi. Nilimtazama mama, nikingoja aeleze, maana alikuwa na maelezo mazuri. Mama akanyoosha mkono. Kidole chake kilikuwa bado kimekunjamana kwa chumvi ya jana yake.

"Ni huyu mtoto, Bruda. Watoto wetu hucheza mchezo wa kupika pombe. Mimi nilikuwa shambani."

Nilimtazama usoni nikimtafuta mama yangu, nikaona mwanamke tu, macho makavu, kidole hakitikisiki. Kofi la Bruda lilinifikia sikioni kabla sijamaliza kumtazama, na ajabu ni kwamba halikuniuma. Nilikuwa nimeshaumia mahali pengine. Kisha Bwana Shauri akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika meza, askari nao wakacheka kwa kuwa yeye anacheka, na mama, Mungu wangu, mama naye akacheka kidogo. Nilipigishwa magoti juu ya kokoto hadi kengele ya jioni, na Bruda akaamuru niondoke misheni mpaka nitakapopata adabu.

Nilipelekwa kwa mjomba, kijiji cha juu zaidi. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mjomba huyu alikuwa mkali kwa heshima, na mtoto aliyempita mkubwa bila kumwamkia alilala njaa. Mama alipanda kila Jumapili baada ya misa, na furushi la majani ya kabichi kichwani. Alisimama uani kusubiri shikamoo yangu, nami niliendelea kutwanga. Jumapili baada ya Jumapili, msimu mzima. Mjomba aliona yote hayo na hakunigusa, nikafikiri naye amekubali kwamba mama ni mtu mbaya.

Baadaye nilirudi kwa mama. Shikamoo nilimpa, lakini ya mdomoni tu, na nadhani alijua. Wadachi wakaondoka, mimi nikaolewa, na hatukulizungumza. Alifariki nikiwa na mimba ya pili.

Siku ya kuondoa matanga nilimwambia mjomba kilichonikaa rohoni miaka yote ile, kwamba mama alinitoa mimi ili ajiokoe. Mjomba alikuwa amezeeka sana. Aliniuliza kama nakumbuka shuka ya yule mzee mpishi. Nikasema naikumbuka. Akaniuliza kama nilimwona askari akimfunga nyororo mtoto wa miaka minane. Nikasema hapana.

"Mama yako alifika hapa kabla yako," akasema. "Alipiga magoti akasema amemsingizia mtoto wa ukoo, tumhukumu tutakavyo. Baadaye, ulipokataa kumwamkia, nikamwambia, nitamchapa huyu binti yako mpaka akuamkie. Akanikatalia. Akasema, asiniamkie, kaka, mradi nipo wa kuamkiwa."

Niliinuka nikaenda kaburini. Udongo ulikuwa haujashuka. Nilisema shikamoo mama, nikasema tena, nikasema kwa hesabu ya zile Jumapili zote, na hapakuwa na mtu wa kuniambia marahaba.